Nani Aliyewapa Haki ya Kuchafua Anga?

Tarehe 11 Januari 2007 China ilirusha kombora ikaivunja satelaiti yake yenyewe ya hali ya hewa, Fengyun-1C, katika kimo cha kilomita 865 hivi. Vipande zaidi ya 3,000 vilitawanyika, na vingi vingali vinaizunguka dunia. Washington ikalalamika. Je, si Washington hiyo hiyo iliyoivunja satelaiti yake, Solwind, mwaka 1985 kwa kombora la ndege ya kivita? Na mwezi Februari 2008 manowari yake ikaitungua USA-193, kwa hoja kwamba mafuta yenye sumu yaliyomo yangedhuru watu. Aaminiye na aamini! Ni kweli kwamba ilikuwa chini na mabaki yake yalianguka upesi, lakini ujumbe ulikwisha kufika Beijing.

India ikafuata mwaka 2019. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi ikaivunja Cosmos 1408, na watu saba waliokuwamo katika kituo cha kimataifa cha anga wakakimbilia vyombo vyao vya kujiokoa. Wawili kati yao walikuwa Warusi!

Mkataba wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia angani. Kombora la kawaida haukuligusa. Desemba 2022 mataifa 155 yaliunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa dhidi ya majaribio haya, Urusi na China zikalipinga. Marekani ililiongoza, baada ya kukamilisha yake. Tena azimio lahusu majaribio tu. Makombora yenyewe yangali ghalani.