Madaktari Tunao, Ajira Ndiyo Haba

Mwandishi mmoja wa safu ya maoni anadai kwamba foleni katika hospitali za Thika Level 5 na Ruiru Level 4, Kaunti ya Kiambu, zitaisha tukiongeza nafasi za kusomea udaktari. Amekosa shabaha. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko papo hapo Thika, na kinafunza madaktari. Tatizo linaanza baada ya mahafali.

Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56. Kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: makubaliano ya 2017 yaliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Bila unagenzi hakuna leseni kamili. Mhitimu anayekosa nafasi hukaa nyumbani na shahada yake, na mgonjwa hukaa kwenye benchi akimsubiri.

Ni kweli, madaktari bado ni wachache kuliko wagonjwa wanavyohitaji. Lakini kumimina maji zaidi kwenye mfereji ulioziba ni kufurisha ua tu. Wizara ya Afya iwalipe wanagenzi kama ilivyokubali, na Kaunti ya Kiambu iajiri waliokwisha hitimu. Madarasa mapya tuyajadili baadaye.