Kahawa ya Siku 3? Acheni Kumdanganya Mkulima wa Nyakasimbi

Kuna kaka mmoja wa mtandaoni, jina kapuni, ana wafuasi kibao na mdomo mtamu. Msimu wa kahawa ulipochanganya katupia klipu akiwa kijijini kwao Karagwe: turubai jeusi limetandikwa kando ya lami, kahawa imemwagwa juu yake, jua linawaka, yeye kavaa miwani anacheka na kamera. "Wazee wetu walikuwa wanajichelewesha bure," anasema. "Siku tatu tu, imekauka, hela mfukoni!" Laiki zikamiminika, watu wakashea, na dada mmoja anayejiita mjasiriamali akaandika kwamba vijana wa aina hiyo ndio wanaotakiwa vijijini.

Pole yao wote wawili. Kahawa ile haikukauka. Kilichokauka ni ganda.

Mchezo wenyewe uko hivi. Tunda la kahawa likichumwa limeiva, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kahawa inayotawala Karagwe, Kyerwa na sehemu kubwa ya Kagera ni robusta, na wengi wanaikausha nzima pamoja na ganda lake, ndiyo maana watu huiita "maganda". Ili ihifadhiwe na kukobolewa bila kuharibika, unyevu wa ndani unatakiwa ushuke hadi asilimia 12 hivi. Sasa ukiipiga jua kali kwa pupa, nje panakuwa pagumu wakati ndani bado pabichi. Maji yanabaki yamefungiwa humo. Unajaza gunia, unashona, unajipongeza, kumbe ndani ya gunia kahawa inatoa jasho na ukungu umeshapata nyumba.

Halafu kuna suala la joto. Watafiti wa Brazil, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha kahawa, wamelifuatilia hili kwa miaka mingi: punje ikikaushwa kwa joto la nyuzi 40 au chini ya hapo inabaki salama, lakini ikipelekwa kwenye nyuzi 60 utando wa seli zake unapasuka, mafuta yanavuja, na ladha inaanza kuchakaa mapema. Turubai jeusi juu ya lami saa saba mchana halina tofauti sana na kikaango. Na bado hapo hujahesabu vumbi la bodaboda, moshi wa malori na mbuzi wa jirani waliopita kuonja.

Linganisha na mama mmoja wa Nyakasimbi, naye jina kapuni, ingawa yeye hata akaunti ya Insta hana. Anachuma nyekundu tu, kijani anaziacha mtini zisubiri zamu yake. Akifika nyumbani anazitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea anazitenga, maana nyingi zina punje tupu au zimeshambuliwa na wadudu. Zilizozama anazianika kwenye kichanja cha fito na wavu, kimo cha kiuno, hewa ipite juu na chini. Tabaka lake ni jembamba, unene wa vidole viwili hivi, na siku za mwanzo anazigeuza kila mara kwa sababu hapo ndipo ukungu hupenda kuingia. Saa sita mchana jua likichachamaa anazifunika. Jioni anazifunika tena ili umande usirudishe maji yaliyokwisha kutoka.

Kazi hiyo inachukua wiki mbili, tatu, hata nne, kutegemea hali ya hewa. Na hapa ndipo mwenye klipu anapokosea kusoma mchezo. Anaona kahawa imelala mezani siku 20 anadhani mwenye nyumba naye kalala. Kukausha polepole si uvivu. Ukiziacha tu zimerundikana bila kugeuza, zinachacha na kuoza. Polepole maana yake ni kuzisimamia kila siku, kwa saa nyingi, bila mtu wa kukurekodi.

Kijana wa mama huyo, wa kidato cha nne, hukosa uvumilivu kama vijana wengine. "Mama, hii si imeshakauka? Nje ngumu kabisa."

"Itikise, mwanangu."

Anatikisa kiganja. Kimya. Ikikauka kweli, punje hugonga ndani ya ganda kama kayamba. Hata ikishagonga, mwenye kujua hathubutu kuikoboa siku hiyo hiyo. Anaiweka kwenye magunia ya katani, juu ya mbao, mbali na ukuta, ipumzike ndani ya maganda yake kwa wiki kadhaa mpaka unyevu ujisawazishe kati ya punje na punje. Viroba vya plastiki havifai kwa kazi hii kwa sababu havipumui. Na kwenye chama cha msingi chenye kipima unyevu, ubishi wote unaisha kwa dakika moja.

Wala huu ustadi haukuletwa na mzungu. Watu wa Kagera walikuwa na kahawa yao karne nyingi kabla ya mkoloni, ila hawakuinywa, waliitafuna. Buni changa zilichemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa taratibu, zikafungwa kwenye vifurushi vidogo vya migomba na kuwekwa tayari kwa mgeni. Akamwani hiyo bado ipo. Ukipita Bukoba unauziwa hata stendi. Wahaya walikula nayo kiapo cha undugu, na kupokea punje mkononi mwa mwenyeji ilikuwa heshima. Yaani mababu wa huyo kaka wa klipu walijua kukausha kahawa kabla mkoloni hajafika, halafu yeye anasimama barabarani kuwaambia walikuwa wanajichelewesha!

Basi tatizo ni ushamba wa mtandaoni peke yake? Hapana. Ingekuwa hivyo, somo moja la bwana shamba lingetosha na kila mtu angenunua wavu. Ukweli unaokera ni kwamba wakulima wengi wanaojua kabisa namna nzuri bado wanaikimbiza kahawa. Na wana sababu.

Sababu ya kwanza ni uzito. Kilo 100 za kahawa mbichi zikikauka vizuri zinabaki kama kilo 40. Mtu anayeuza kwa mizani haramba midomo anapoona kilo zake zinapaa hewani siku baada ya siku. Akipata mnunuzi wa magendo asiyeuliza habari za unyevu, kishawishi kinakuwa kikubwa. Ya pili ni wizi. Kahawa iliyo mezani nje ya nyumba kwa wiki tatu ni hela iliyoanikwa uani, na kila mwizi wa kijiji anajua njia.

Ya tatu ndiyo mama wa zote, nayo inaitwa butura.

Kwa wasiojua: butura ni kununua kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua tu. Robusta inachukua miezi 9 hadi 11 kutoka ua hadi tunda jekundu. Katikati hapo mtoto anaumwa, kuna msiba, kuna sare na madaftari ya Januari. Anatokea tajiri mmoja, jina kapuni, kila kijiji kina wake, anampa mzee hela leo kwa makubaliano ya magunia ya kesho. Bei anaitaja yeye, na haijawahi kuwa bei nzuri. Serikali imeipiga marufuku biashara hii na viongozi wa mkoa wameikemea mwaka hadi mwaka, lakini inafanyika usiku, ndani ya nyumba, kwa maneno ya mdomo tu.

Sasa fikiria uko kwenye viatu vya huyo mzee. Kahawa iliyo mtini si yako tena. Kwa nini uichume moja moja ikiiva? Kwa nini uamke usiku kuifunika mvua ikinyesha? Ladha ikipatikana, faida ni ya tajiri. Mzee anakwangua tawi zima, kijani na nyekundu pamoja, anamwaga chini kwenye udongo, anakabidhi, deni linaisha. Mtaalamu akija anaandika kwamba mkulima hazingatii ubora. Ubora gani wakati mali ilishaondoka kabla ua halijanyauka?

Mwaka 2024 ulionyesha hili bila kificho. Bei ya robusta kwenye soko la dunia la London ilivuka dola 5,000 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya ukame kule Vietnam, mzalishaji mkubwa wa robusta kuliko wote. Aliyekuwa na kahawa yake mwenyewe alicheka. Aliyeuza maua aliangalia neema ikipita mlangoni kwake ikielekea kwa mwingine.

Na soko la leo halimsamehi mwenye haraka. Ukungu unaoota kwenye kahawa iliyokaushwa vibaya unaweza kutengeneza sumu iitwayo okratoksini A, na tangu 2023 Umoja wa Ulaya umebana kikomo chake kwenye kahawa iliyokaangwa kutoka mikrogramu 5 hadi 3 kwa kilo. Upande wa pili, ile dharau kwamba robusta ni ya kuchanganyia tu imeanza kupungua. Uganda, jirani hapo, ilishiriki kuandaa vigezo vya kuonja robusta bora, na robusta nzuri sasa inaonjwa na kupewa alama kama arabika inavyofanyiwa. Karagwe ina miinuko, ina usiku wa baridi, ina kiangazi cha Juni hadi Agosti kinachoangukia katikati ya mavuno. Mazingira ya kukausha taratibu yapo bure. Kinachokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kusubiri.

Hapo ndipo maneno ya "vijana rudini kijijini mkatumie akili" yanapogeuka kelele. Kumwambia mtu avumilie wiki nne wakati mtoto wake yuko hospitali ni kumtukana kwa lugha laini. Subira ina gharama, na lazima mtu ailipe. Kwa hiyo msaada wa kweli wa ubora unaanzia kwenye miezi ya maua, kabla hata hujafikiria meza. Kikundi cha VICOBA kinachotoa mkopo mdogo kipindi hicho kinafanya kazi ya ubora kuliko semina tatu za hotelini. Malipo ya awali kupitia ushirika, yakifika kwa wakati, yanampa mkulima nafasi ya kumwambia tajiri wa butura "hapana, asante". Na ni lazima kahawa iliyokaushwa vizuri ipate bei yake tofauti. Pale ambapo nzuri na mbovu zinamwagwa kwenye lundo moja kwa bei moja, yule mama wa kichanja ndiye anayepata hasara, na mwenye turubai la lami ndiye mjanja. Huwezi kumlaumu mtu kwa kujifunza kile soko linachomfundisha.

Wapo watakaosema hizi ni habari za wazee wa Nyakasimbi, za mjini zina uhusiano gani nazo. Zina uhusiano mkubwa, bwana. Nusu ya wanaokunywa kapuchino Masaki na Mikocheni na kupiga picha kikombe kabla ya kuonja wana shamba la babu mahali fulani. Vijana wa Kagera walioko Dar na Mwanza wanatuma hela nyumbani kila mwaka, na wengi wanazituma kwa mtindo ule ule: msiba ukitokea, au Desemba wakienda kula bata. Wakati huo maua yameshauzwa. Mzee hasemi, maana ni aibu kumwambia mtoto kwamba kahawa ya mwakani ina mwenyewe. Hela ile ile, ingetumwa kidogo kidogo katika miezi ya njaa, ingeokoa magunia. Na bei ya viatu vya mtoko mmoja inatosha turubai zuri la kufunikia na mita kadhaa za wavu.

Huyo kaka wa klipu naye hajapotea kabisa. Ana kamera, ana wafuasi, ana kwao. Akitaka maudhui ya kweli aende na kipima unyevu, apime kahawa yake ya siku tatu mbele ya watu, kisha apime ya mama wa kichanja. Namba zitaongea, na hapo ndipo laiki zitakuwa na maana.

Haya mdau, tiririka hapo chini. Wewe mwenye shamba nyumbani: unajua kahawa ya mwaka huu ni ya mzee wako, au iliuzwa ikiwa maua? Kama hujui, piga simu leo, uliza taratibu, bila kufoka.