Tusiwaandikie Mama Zetu Falsafa ya Kufundisha

Katika vituo vya watoto vya hapa Sterling, mwalimu msaidizi akiomba nafasi ya mwalimu kiongozi hukutana na swali ambalo huwaangusha wengi wa watu wetu: tueleze mtazamo wako wa ufundishaji. Wengine huliita falsafa. Basi usiku wa kuamkia mahojiano, simu hutulilia sisi tulio chuoni. "Mwanangu, wewe unakijua Kizungu chao. Hebu niandikie."

Wanachama wenzangu, nawaomba tuache kuandika. Tusaidie, tena sana, lakini tusiwaandikie.

Karatasi hizo nimeziona nyingi na zote zinafanana. Mtoto ni ua na mwalimu ni mtunza bustani. Kila mtoto ni wa pekee. Siku hizi kompyuta inazitoa kwa nusu dakika, na ni nzuri kusoma. Tatizo linakuja msaili anapouliza swali la pili: "Nipe mfano." Hapo mama anakwama, kwa sababu hilo ua halikuwa lake. Yeye anachokijua ni mtoto wa miaka mitatu aliyemng'ata mwenzake saa nne asubuhi, na alichomfanyia. Angeulizwa hilo, na kwa Kiswahili, angezungumza mpaka chai ipoe.

Mama yangu mdogo alifundisha chekechea ya madrasa Mombasa kabla ya kuja Virginia. Wasomaji wa pwani wanazijua shule hizi. Mpango wenyewe ulianza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na mkufunzi wake wa kwanza alikuwa Bi Swafiya Said. Ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wazazi walitaka watoto wapate dini na pia waweze kuingia darasa la kwanza bila kubaki nyuma, kwa hiyo chumba cha madrasa kikawa chekechea. Vifaa vilikuwa vya mtaani: vifuu vya nazi, vizibo vya soda, makombe ya baharini, mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani. Chumba kiligawanywa katika pembe, na mtoto alichagua pembe yake.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hatulijui. Mbinu ile ya pembe na kuchagua ilikuwa na asili hapahapa Marekani. Waanzilishi walichukua mfumo wa HighScope, uliozaliwa Ypsilanti, Michigan, kutokana na kazi ya David Weikart na wenzake iliyoanza mwaka 1962, wakauchanganya na nyimbo, hadithi na maadili ya Kiislamu ya pwani. Mtoto anapanga atakachofanya, anakifanya, kisha anakaa na wenzake kueleza alichofanya. Panga, fanya, simulia. Mama mdogo aliyafanya hayo kila siku kwa miaka tisa.

Halafu alipoomba nafasi ya kuongoza darasa katika kituo kimoja cha eneo hili, aliambiwa kwa upole kwamba uzoefu wake wa Afrika ni mzuri, ila wao wanafuata utaratibu wa mtoto kuchagua mwenyewe. Akanyamaza, akashukuru, akarudi nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini hakuwaambia, alinijibu: "Mwanangu, chema chajiuza."

Hapo ndipo penye ugumu, na Kiingereza ni sehemu ndogo tu. Tumelelewa kuona kwamba kujisifu ni utovu wa adabu. Ukimuuliza mwalimu wa kwetu darasa lake lilifanyaje, atasema "tulijitahidi" hata kama alikuwa peke yake na watoto arobaini. Masikioni mwa msaili wa hapa, "tulijitahidi" ni maneno ya mtu aliyesimama pembeni wakati mwingine akifanya kazi. Methali ile ni ya sokoni, ambako mnunuzi anaiona bidhaa kwa macho yake. Katika mahojiano mnunuzi haoni chochote, na mwenye nazi asiposema kama ina maji, nani atajua?

Mwalimu kiongozi, kwa kweli, ndiye mwenye kujibu. Msaidizi anaweza kuwa na mikono bora kuliko wote chumbani, lakini kiongozi ndiye anayeandaa mpango wa wiki, anayeandika alichokiona kwa kila mtoto, anayekaa na mzazi jioni kumwambia kwamba kijana wake bado hasemi kama wenzake. Virginia inataka mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi wa umri wa miaka mitatu na minne, kwa hiyo kiongozi pia humwelekeza mtu mzima mwingine. Walimu waliosomea Kenya au Tanzania waliandika maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, wakakaguliwa. Hilo nalo halitajwi kwenye sivii zao. Badala yake tunaandika "napenda watoto."

Sitaki kudanganya kwamba kila tulichotoka nacho kinafaa. Wapo walimu wetu waliozoea fimbo, na wapo waliozoea darasa zima kuitikia kwa pamoja hadi sauti zikauke. Fimbo haina nafasi hapa wala haikustahili nafasi kule. Kuitikia kwa pamoja nako kuna uzuri wake katika wimbo, lakini siku nzima ya kuitikia haimpi mtoto hata sentensi moja ya kwake. Vituo vinavyopokea fedha za umma Virginia hupimwa kwa CLASS, kipimo kilichotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Virginia, na mpimaji husikiliza hasa hayo: je, mwalimu anazungumza na mtoto kwa kupokezana, au anaamuru tu? Mwalimu anayetaka kuongoza aseme wazi nini alikiacha na kwa nini. Jibu la namna hiyo lina uzito kuliko bustani zote.

Karatasi za vyeti nazo zipo, sizidharau. Kwa chekechea ya shule za umma hakuna njia ya mkato: inatakiwa shahada na leseni ya jimbo. Kwa vituo, wengi huanza na CDA, ambayo inadai saa 120 za mafunzo na saa 480 za kazi na watoto. Jalada la CDA lina tamko la falsafa la mwombaji mwenyewe, kisha mtaalamu huja kumwangalia akifundisha na kukaa naye wazungumze. Karatasi ya kuandikiwa itafichuka hapo kama si kabla. Anayetaka kwenda mbele zaidi ana NOVA, ambayo kampasi yake ya Loudoun iko hapahapa Sterling na inafundisha malezi ya watoto wadogo, na mpango wa G3 wa mwaka 2021 huwalipia karo wakazi wa Virginia wa kipato cha chini na cha kati wanaosomea fani hiyo. Anayefikiria kuvuka mto kufanya kazi Washington ajue kwamba kule kuongoza darasa kunahitaji digrii ya miaka miwili, sharti lililopitishwa mwaka 2016, likapingwa mahakamani, likabaki.

Kuna jambo jingine ambalo mama zetu hawalitaji kwa sababu wanaliona la kawaida mno. Sterling ni mji wa Kihispania, Kiurdu, Kiamhari na lugha nyingine tele. Mwalimu aliyefundisha Kisauni au Buguruni watoto waliotoka majumbani na lugha zao anajua la kufanya mtoto anapoingia chumbani bila neno hata moja la lugha ya darasa. Anajua kumwacha anyamaze wiki mbili bila kumbandika jina. Hiyo ni mbinu. Iandikwe.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chama ni dogo. Shangazi au mama akipiga simu, tusifungue kompyuta. Tukae naye saa nzima, tumuulize kwa Kiswahili: jana mtoto gani alilia, ukafanya nini, kwa nini hukufanya vingine? Tumrekodi kwa idhini yake. Kisha tutafsiri alichosema, kwa sentensi fupi alizosema, tumsomee mpaka aseme "ndiyo, hivyo ndivyo." Walimu wetu wa chuo wakikubali, kazi hiyo ingeweza kuhesabiwa kama zoezi la tafsiri muhula ujao. Mama mdogo amekubali kuwa wa kwanza. Ana mahojiano mengine mwezi ujao, na safari hii ameniambia atachukua vifuu vyake vya nazi ndani ya mkoba.