Mashine Haitii Sahihi

Akili ya kuambiwa, changanya na yako. Usemi huo unafaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya serikali za mitaa, wakati huu ambapo akili mnemba imeanza kuwasaidia watumishi kuandika barua, kufupisha taarifa na kujibu maswali ya wananchi.

Huko New York, Marekani, serikali ya jiji ilizindua mwezi Oktoba 2023 mtambo wa kompyuta wa kujibu maswali ya wenye biashara. Nia ilikuwa njema: mwenye duka asipange foleni, aulize akiwa kwake na ajibiwe papo hapo. Lakini Machi 2024 waandishi wa habari waliujaribu, wakakuta unafundisha watu kuvunja sheria. Ulisema mwajiri aweza kuchukua sehemu ya bakshishi ya wahudumu wake, sheria inakataza. Ulisema duka laweza kukataa fedha taslimu. Jiji lilikwisha kupiga marufuku jambo hilo tangu 2020. Ulisema mwenye nyumba si lazima ampokee mpangaji anayesaidiwa kodi na serikali. Kumbe kumkataa kwa sababu hiyo ni kosa.

Yalitoka wapi makosa hayo? Mtambo wa namna hii hauijui sheria kama hakimu aijuavyo. Umelishwa maandishi mengi mno, nao huunga maneno kwa kufuata yale yaliyozoea kufuatana. Ukikosa jibu hautahayari. Hutunga jingine kwa lugha fasaha. Anayeumia ni mama anayefungiwa mlango pamoja na watoto wake.

Je, vifaa hivi vitupwe? La. Askari hatupi bunduki kwa kuwa yaweza kumpiga asiyekusudiwa. Hufundishwa kuitunza, na ikifyatuka ovyo, anayeitwa kujieleza ni yeye.

Ofisini na iwe vivyo hivyo. Kwanza, afisa asiingize katika mitambo ya nje siri za wananchi, kama vile namba za vitambulisho, maradhi au kesi zao, kwani zikishatoka hazirudi. Pili, jibu linalogusa haki ya mtu lilinganishwe na sheria yenyewe kabla halijatolewa. Tatu, mwananchi aelezwe wazi kwamba anajibiwa na mashine, na aonyeshwe mlango wa kumwona mtu. Nne, uamuzi wa kumnyima mtu posho, leseni au kiwanja utiwe sahihi na afisa anayejulikana kwa jina.

Nyumbani nako kuna wajibu. Mke wa askari akiambiwa na simu kwamba hastahili kitu fulani, asikate tamaa wala asiuze mbuzi. Aende ofisini, aulize: ni sheria gani, kifungu gani, na nani ameamua? Mtumishi mwema hatachukizwa na swali hilo. Mashine yaweza kuandika barua nzuri, lakini haiwezi kula kiapo mahakamani.