Bunduki ya Kuvulia na Uzito Wake



Mama zangu na dada zangu, mzazi mmoja ameuliza: mwanawe amemaliza shule, hana kazi, naye ataka anunuliwe bunduki ya kuvulia samaki iliyo nyepesi. Je, amchagulie ipi?

Kwa upande wa wepesi, jibu si gumu. Bunduki fupi hugeuzwa kwa urahisi baina ya matumbawe, na nyingi za pwani yetu hutengenezwa kwa mti, mpira na chuma kilichonolewa, hazimwelemei kijana. Lakini uko uzito mwingine usiopimwa kwa mkono.

Mawindo ya bahari ni halali, na aya ya 96 ya Suratul Maida yatosha kuwa dalili. Ila uhalali wa samaki hauhalalishi kila chombo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku bunduki hizi, pamoja na juya, mwaka 2001. Mpigaji humwandama samaki hadi pangoni mwake, humwua mkubwa mwenye mayai, na pengine huvunja tumbawe lililokua kwa miaka mingi. Katazo lenye kulinda riziki ya wote, lisilotuamrisha maasi, hutiiwa.

Pili ni nafsi. Mzamiaji hutegemea pumzi moja. Akipumua kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama, haja ya kuvuta pumzi huchelewa, naye aweza kuzimia chini ya maji bila onyo. Wepesi wa chombo haumwokoi.

Jamaa zetu walio katika nchi ambako bunduki huruhusiwa, na wafuate sheria za huko: wasizamie peke yao, wasivute mpira wakiwa nje ya maji, wala wasimwelekezee mtu.

Ama wewe mama uliye hapa, usimkatalie mwanao kisha ukamwacha mikono mitupu, kwani kijana asiye na njia hutafuta ya mkato. Fedha hizo zimnunulie mshipi na ndoana, au malema. Mpeleke kwa mvuvi mzee mwaminifu amfunze majira ya maji, na kwa kamati ya ufuo ajiandikishe. Apate kidogo chenye baraka, na jioni arudi nyumbani salama.

Wallahu aalam.