Dawa Zinazopunguza Kinga na Hofu ya Saratani



Baada ya sala ya Ijumaa hapa Kibondo, mama mmoja aliniita kando akanionyesha pakiti ya vidonge. Mumewe ana soriasisi, yaani magamba meupe juu ya ngozi iliyovimba na kuwasha. Ameacha methotrekseti, kwa kuwa jamaa yake wa Kasulu amemwambia kuwa dawa hiyo huleta saratani. "Ustadhi, amekosea?"

Mimi ni katibu wa msikiti, si tabibu; nimewauliza wenye elimu kabla ya kushika kalamu.

Jamaa yule hakusema uongo mtupu. Katika soriasisi kinga ya mwili huigeukia ngozi yenyewe, na dawa huituliza. Lakini kinga hiyohiyo hutulinda dhidi ya seli za saratani. Hata hivyo, kwa soriasisi methotrekseti hutolewa kwa kipimo kidogo, mara moja tu kwa wiki, na hatari inayoongezeka ni ndogo. Tena ugonjwa wenyewe ukiwa mkali, hata bila dawa, huongeza kidogo uwezekano wa saratani ya tezi. Siklosporini ina hatari zaidi, hasa kwa aliyewahi kutibiwa kwa mionzi. Kwetu sisi, alama ya kuangaliwa ni ya saratani ya Kaposi: madoa ya zambarau au meusi, miguuni au mdomoni.

Ninachokihofia zaidi ni kingine. Anayemeza kila siku kidonge cha wiki huharibu uboho unaotengeneza damu, na aweza kufa. Na wapo wanaojinunulia prednisoloni dukani: magamba hukauka upesi, wakiacha ghafla hurudi kwa usaha mwili mzima.

Mwenye kutumia methotrekseti apimwe damu na ini kila anapopangiwa. Pombe huongeza madhara ya ini. Kwetu hilo lilikwisha kukatazwa. Mke asibebe mimba akiwa anaitumia, na mume anayeitumia amwulize daktari kabla ya kutafuta mtoto. Mabingwa wa ngozi wapo Moshi, katika kituo cha mafunzo kilichofunguliwa KCMC mwaka 1992. Kwa saratani kuna Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam.

Soriasisi haiambukizi, si kwa mkono wala kwa mkeka. Nalisema kwa sababu mzee huyu alikuwa akisali peke yake nyuma, watu wakimwachia nafasi. Jumatatu atarudi kliniki na pakiti yake. Ijumaa iliyopita alisimama safu ya pili, bega lake likigusa langu.