Sumu ya koboko na lugha ya maabara

Zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Wakazi wa Voi, Mwatate na Taveta wanajua kwamba si ndovu peke yake anayemtia mkulima hofu. Nyoka naye yumo. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa.

Ajabu ni kwamba sumu hiyo hiyo ni hazina ya sayansi. Mwaka wa 2012 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba katika sumu ya koboko wamepata peptidi, wakaziita mambaljini, zinazotuliza maumivu ya panya kwa nguvu inayolingana na ya mofini bila kuudhoofisha upumuaji wao. Kabla ya hapo, peptidi za sumu ya nyoka wa Brazili ziliwaongoza wanasayansi hadi kwenye kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1981. Je, mwanafunzi wa Voi, aishiye jirani na koboko, ana lugha ya kuyaelewa haya?

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino. Silabi "ka" na "ta" zikifuatana hivyo, twapata neno kata. Zikigeuzwa, twapata taka. Silabi ni zile zile, lakini maana hazikaribiani hata kidogo. Vivyo hivyo, aina 20 za asidi amino hupangwa kwa zamu, na mpango ukibadilika, kazi nayo huweza kubadilika. Insulini ina asidi amino 51, na mambaljini 57. Mnyororo ukirefuka zaidi huitwa protini, ingawa mpaka baina ya mambo haya mawili haukuchorwa kwa rula.

Tukishaelewa hivyo, kanuni za maabara huacha kuwa amri za kukariri. Peptidi za utafiti aghalabu huja zikiwa unga uliokaushwa, ndani ya kichupa kilichofungwa. Huhifadhiwa kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi kuliko hapo, kwa kuwa joto na unyevu huziharibu. Kichupa kikitolewa hakifunguliwi papo hapo. Huachwa kwanza kipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya unga. Peptidi ikishayeyushwa, hugawanywa katika vipimo vidogo ili isigandishwe na kuyeyushwa tena na tena. Anayeishika huvaa glavu na miwani, na kila kichupa huandikwa jina, kipimo na tarehe. Baadhi ya peptidi hizi huvuruga kazi ya neva. Zisichukuliwe kama chumvi ya mezani.

Lililo zito zaidi ni lebo. Vichupa hivi huandikwa kwa Kiingereza kwamba ni vya utafiti tu, wala si kwa matumizi ya binadamu. Hata hivyo, wapo wafanyabiashara wanaoviuza kwenye intaneti kwa watu wanaotaka kukuza misuli au kupunguza unene. Hapo maneno ya lebo humkinga muuzaji, si mnunuzi. Maana yake ni kwamba yaliyomo hayakukaguliwa kwa ajili ya kudungwa mwilini. Insulini ya hospitalini nayo ni peptidi, lakini imejaribiwa kwa binadamu na kusajiliwa. Tofauti iko hapo.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Dai hilo lilijibiwa zamani. Mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Mtihani wa sayansi ungali katika Kiingereza, wala sipendekezi walimu wakitupe. Ninalopendekeza ni dogo: mwalimu wa kemia aeleze kwa Kiswahili kile alichokiandika ubaoni kwa Kiingereza, na kanuni za maabara zibandikwe ukutani kwa lugha zote mbili. Anayefagia maabara na anayelinda friza ni wasomaji pia, na hatari haiulizi mtu amesoma hadi darasa la ngapi.

Koboko wataendelea kuishi Tsavo, na vichupa vitaendelea kuuzwa. Kijana wa Voi aliyefundishwa maana ya lebo atajua kipi ni cha maabara na kipi ni cha hospitali. Asiyefundishwa atamwamini muuzaji.